Mradi wa majanga ya dunia uanzie Kilindini

Mdogo wangu, umeuliza mwanafunzi wa Mombasa asiye na maabara achunguze janga gani la dunia nzima. Anza na sahani ya wali. Mwaka 1815 volkano ya Tambora, Indonesia, ililipuka; ukungu wake wa salfa ukapunguza nguvu ya jua, na 1816 mazao yakaharibika Ulaya na Marekani. Janga kama hilo likirudi leo, nchi zenye nafaka zitazuia isiuzwe nje, kama India ilivyozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati Julai 2023. Na sisi mchele na ngano nyingi huteremshwa hapa bandarini Kilindini! Nenda soko la Kongowea, waulize wauzaji wa jumla akiba yao ni ya siku ngapi meli zisipokuja. Kisha andika pendekezo kwa kaunti: nafaka gani iwekwe, wapi, na nani aamue kufungua ghala. Hapo pa kuamua ndipo pagumu hasa, usipapite mbio.