Kansa iko chini ya ulimi, tezi ya mate inatolewa ya nini?

SWALI: Papa wetu amepatikana na kansa chini ya ulimi, upande wa kushoto. Munganga anataka kukata kidonda na kutoa pia tezi ya mate iliyo chini ya taya, ilhali biopsi ilichukuliwa mdomoni tu. Tezi hiyo huvimba akila, kisha hunywea. Nayo ina kansa? Ikitolewa, hatabaki na mdomo mkavu?
Msomaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: Huenda tezi yenyewe ni nzima. Ni nadra kansa ya mdomo kuingia ndani yake. Shida ni majirani: vifundo vya limfu vya eneo hilo, ambako kansa ya mdomo huweza kusambaa, vimebanwa kati ya tezi na mfupa wa taya, vingine vimeushikilia mshipa wa damu unaopanda usoni. Wako wapasuaji wanaovitoa na kuiacha tezi, kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri, lakini ni rahisi kusahau kimoja nyuma yake. Zaidi ya hapo, mfereji wa tezi unapita palepale penye kidonda. Ukikatwa bila kuelekezwa upya, tezi iliyobaki itavimba.

Huenda ndiyo maana huvimba akila: uvimbe wa kansa unabana mfereji, mate yanakosa njia. Jiwe la mate hufanya vilevile. Kifundo chenye kansa hakinywei baada ya chakula, ila vyote viwili vinaweza kuwapo pamoja, hivyo ombeni ekografi ya shingo, na kifundo chochote cha mashaka kivutwe chembe kwa sindano. Hata shingo isipoonyesha kitu, kansa iliyozama zaidi ya milimita 3 au 4 kwa kawaida hufanya vifundo vitolewe.

Chale hupita kwenye mkunjo wa shingo, vidole viwili chini ya taya, ili kuepuka mshipa wa fahamu unaoshusha mdomo wa chini. Ukivutwa, mzee atacheka upande mmoja kwa wiki au miezi. Ukikatwa, hali hiyo inaweza kubaki. Mishipa miwili mingine ya fahamu, ya hisia na ya mwendo wa ulimi, iko chini ya tezi. Dreni, mrija unaotoa maji ya kidonda, huondolewa kwa kawaida maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Shingo ikifura ghafla usiku wa kwanza na pumzi ikawa nzito, iteni muuguzi papo hapo: damu inajikusanya.

Kuhusu ukavu, tezi moja ikiondoka, zilizobaki kwa kawaida hutosha. Kinachokausha mdomo hasa ni mionzi ya kutibu kansa. Itahitajika au la, majibu ya maabara ndiyo yatakayosema, kwa hiyo ulizeni mambo matatu: kingo za kidonda ni safi? Vifundo vingapi vina kansa? Kuna kifundo ambacho kansa imepasua ganda lake? Mionzi ikihitajika, vizuri ianze ndani ya wiki 6 baada ya operesheni. Kwa mtu wa Bukavu hiyo ni safari, basi tayarisheni karatasi mapema, na meno mabovu yang'olewe angalau wiki 2 kabla ya mionzi.