Fumua Kikunjo, Utaiona Rangi ya Kwanza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ni kitu gani cha nyumbani kinachoweza kuwa sanaa ya ukutani bila kupoteza kumbukumbu zake? Jibu langu ni kanga iliyochakaa, hasa iliyopauka. Wanaoshona picha za viraka mara nyingi huchagua vipande vinavyong'aa na kutupa vilivyofifia, na hapo ndipo kumbukumbu yenyewe inapotupwa. Mpauko ndio unaoonyesha kanga ilivyokunjwa kambani na mahali ilipozoea kufungwa fundo.

Tena, rangi ya asili haijapotea yote. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Vikitenganishwa, ncha zilizokatwa hukungwa, na ndani ya kikunjo kile jua haliingii. Fumua sentimita 20 kwa wembe, polepole, uzi mmoja mmoja. Utakuta utepe mwembamba wenye rangi ya siku ya kwanza. Ushone ubavuni mwa kipande kilichopauka. Tofauti ya rangi hizo mbili ndiyo inayobeba picha nzima.

Kwa picha ya sm 60 kwa 90, kanga tatu au nne zinatosha. Zipige picha kabla ya kugusa mkasi. Kisha paka maji kitambaa cheupe, kiweke juu ya kanga na upige pasi. Kikitoka na rangi, kanga hiyo inachuja; ifue peke yake mpaka maji yatoke safi. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maana itakula hata huo mpauko unaoutafuta. Wanga nao utoke wote, kwa sababu mende huufuata.

Kitambaa cha nyuma kiwe amerikani, yaani pamba nene isiyotiwa rangi. Kifue kwa maji ya moto na ukipige pasi kwanza, ndipo ukikate sm 80 kwa 110. Ukiruka hatua hii, siku kitakapopata unyevu kitapungua na kuvuta viraka vyote vijikunje.

Inua kila kanga uitazame kwenye mwanga. Palipokonda pasishonwe kwa mashine, kwa kuwa sindano hupachana. Palaze juu ya amerikani, upige bandi kwa mkono, mistari ikiachana sm 1. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa. Ukikata mshazari, kiraka huvutika na picha hupinda. Acha sm 1.5 kila upande ya kukunja. Gundi sishauri kabisa: kitambaa chembamba huinyonya, ikatokea mbele kama doa gumu.

Jina la kanga, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, ni suala la pekee. Pima urefu wa maandishi yote kabla ya kupanga chochote. "Nani kama mama" ikikatwa neno la mwisho inabaki swali lisilo na mtu. Kama jina halienei, punguza mji (sehemu ya katikati) au pindo la pembeni, usiguse maneno.

Panga viraka sakafuni, usimame mita mbili, uvitazame ukiwa umefumba macho nusu. Kanga ya kisutu, kwa weusi, wekundu na weupe wake, humeza kila kilicho jirani, hivyo kiwekwe kidogo na pembeni.

Ukimaliza, kunja amerikani nyuma ya fremu ya mbao na uishone kwa uzi mzito, ukivuta kutoka upande huu hadi ule kama unayefunga kamba za viatu. Pini za stepla hushika kutu, na Pwani kutu hiyo huja upesi. Ukiweka kioo, kisigusane na kitambaa; acha nafasi ya nusu sentimita, la sivyo unyevu utaleta ukungu. Ukuta unaopigwa na jua la mchana uuepuke.

Kama doti bado ni kamili, kata kanga moja tu na nyingine uiache. Nyuma, juu ya amerikani, andika kanga zilikuwa za nani na zilivaliwa miaka gani. Tumia penseli, kwa sababu wino hupenya na kutokea mbele.