Tarehe kwanza, vipengele baadaye: maswali kuhusu matoleo ya programu huria

Swali: Tuko sita kwenye mradi wetu wa programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaweza kuiona ilivyoandikwa na kuibadilisha, na sote tunajitolea. Kila toleo tunaorodhesha vipengele tunavyovitaka, na kila toleo linachelewa kwa miezi. Tunakosea wapi?

Mnapanga kwa kutumia msichokuwa nacho, yaani muda wa watu wasiolipwa. Huwezi kumbana mtu amalize kazi yake Ijumaa wakati mwanawe anaumwa. Tarehe ndiyo mliyo nayo mkononi. Itangazeni mapema, kisha kilichokamilika siku hiyo kiingie na kisichokamilika kingoje toleo linalofuata.

Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta, imefuata njia hii tangu 2004: toleo kila Aprili na Oktoba, na namba yenyewe inataja mwaka na mwezi. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hutoa toleo kubwa mara moja kwa mwaka. Mtu akijua toleo lijalo liko lini, haoni sababu ya kuingiza kazi mbichi kwa hofu ya kuachwa. Asipojua, kila mmoja anang'ang'ania chake kiingie sasa hivi, na hapo ndipo miezi inapopotelea. Debian, mfumo mwingine kama Ubuntu, ilitoa 3.0 Julai 2002, na 3.1 ikaja Juni 2005, karibu miaka mitatu baadaye. Siku hizi Debian hutangaza mapema tarehe za kufunga mabadiliko, ingawa toleo lenyewe bado hutoka likiwa tayari. Hata hilo ni bora kuliko kuacha kila kitu wazi.

Swali: Na tarehe ikifika huku kuna hitilafu mbaya?

Mbaya kiasi gani? Kubalianeni kabla ya joto kupanda ni hitilafu zipi zinazuia toleo. Zangu ni hizi: kupoteza data ya mtumiaji, tundu la usalama, programu kutowaka, na kilichofanya kazi toleo lililopita kuharibika. Nyingine zitarekebishwa katika toleo dogo wiki chache baadaye.

Hitilafu ikiwa imeletwa na kipengele kipya, ondoeni kipengele na tarehe ibaki. Mkilazimika kuahirisha, tajeni tarehe mpya siku hiyohiyo. Ubuntu ya Aprili 2006 ilisogezwa hadi Juni, ikaitwa 6.06, na hakuna aliyeachwa gizani.

Swali: Tuache kupokea mabadiliko muda gani kabla ya kutoa?

Kwenye kerneli ya Linux, yaani kiini cha mifumo kama Ubuntu na Debian, mabadiliko mapya hupokewa kwa wiki mbili tu. Baada ya hapo ni kurekebisha, na toleo la majaribio hutoka karibu kila wiki, kwa kawaida mara saba au nane. Angalieni uwiano huo: muda wa kurekebisha ni mrefu kuliko wa kupokea. Mradi wa watu sita hauhitaji wiki zote hizo. Wiki tatu zinatosha.

Lakini msiwasahau watafsiri, nawasihi. Maneno yanayoonekana kwenye skrini yafungwe, yasibadilishwe tena, mapema kuliko msimbo (maandishi ya programu yenyewe). Niliwahi kutafsiri programu moja nikamaliza Jumamosi usiku, na Jumapili mtu akabadilisha maneno ya menyu nzima "ili yapendeze". Toleo likatoka nusu kwa lugha yetu, nusu kwa Kiingereza, na watumiaji wakadhani sisi watafsiri ndio wazembe.

Swali: Tuliite 2.4 au 3.0?

Je, anayesasisha atalazimika kubadilisha chochote upande wake? Kama ndiyo, 3.0. Kama la, 2.4, hata kama mmefanya kazi kubwa kiasi gani.

Swali: Mtu mmoja tu ndiye anayejua kutoa toleo, na amechoka. Tumpe nani?

Hili linanitia wasiwasi kuliko yote mliyouliza. Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Aliyeuweka alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa hadi akawa anatoa matoleo mwenyewe, huku mwenye mradi akiwa amechoka na akishinikizwa apate msaidizi.

Kwa hiyo msaidieni, lakini kazi ifanyike hadharani. Andikeni kila hatua, na faili linalotolewa lizalishwe kwa namna ambayo mwingine anaweza kuirudia na kulinganisha. Toleo lijalo yeye aongoze na mwingine aangalie, linalofuata wabadilishane. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, mratibu wa matoleo husimamia matoleo mawili mfululizo, kisha humpisha mwenzake. Mtu akijua zamu yake inaisha lini, hubeba mzigo kwa moyo mweupe.

Swali: Mwenzetu ameandika kipengele kwa miezi mitatu, na hakikuwahi. Ameudhika. Nimwambieje?

Mwambie wewe mwenyewe, kabla hajasoma tangazo. Usiiingize kazi yake kwa upendeleo baada ya tarehe, maana waliotii tarehe wanatazama. Siku tawi kuu, yaani msimbo mkuu wa mradi, linapofunguliwa tena kupokea mabadiliko, kazi yake iwe ya kwanza kupitiwa, na uipitie wewe.