Wasomaji Wauliza: Moshi, Vumbi na Vifua vya Wazee

Asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 78 na ana presha. Twakaa Mikindani, Mombasa, nyumba ya pili kutoka barabara ya malori. Tukifungua madirisha vumbi laingia, tukifunga joto latumaliza. Tufanyeje?
Msomaji, Mikindani

Waaleikum salaam. Angalieni saa, kisha upande wa upepo. Usiku upepo wa Pwani hulegea na moshi wa dizeli hukaa chini chini, hautawanyiki mpaka jua lipande na upepo wa bahari uanze kuvuma. Kwa hivyo hewa mbaya zaidi kando ya barabara huwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi, wakati ambapo matatu nayo yameanza kugombania abiria. Saa hizo fungeni madirisha ya mbele. Kuanzia saa tano hivi hadi jioni fungueni, mkianza na yale yasiyotazama barabara.

Msimu nao una neno lake. Kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, hutoka kusini. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Nyumba ileile yaweza kuvuta moshi wa barabara msimu mmoja na kuuepuka msimu wa pili. Ning'inizeni uzi mwepesi kwenye kila dirisha muutazame siku mbili tatu. Dirisha la upande wa barabara ambalo uzi wake unapeperukia ndani ndilo la kufunga. Ukipeperukia nje, liacheni wazi, hilo linatoa hewa.

Lile vumbi mnalolifuta mezani si adui mkubwa wa mwenye presha, kwani jingi lake hunaswa puani na kooni. Chembe za chini ya mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele una mikroni 50 hadi 70) ndizo hufika kwenye vifuko vya mapafu, na baadhi hupenya hadi damuni. Mishipa hukaza, presha hupanda, na moshi ukizidi watu huletwa hospitali kwa kiharusi na mshtuko wa moyo, si kwa kikohozi peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka chembe hizo zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa siku. Pazia lililoloweshwa maji, ambalo wengi hulisifu, halizizuii hata kidogo.

Mama alale chumba cha nyuma, ila kisiwe kinachopakana na jikoni. Msifagie sakafu kavu, nyunyizeni maji kwanza au pigeni deki. Feni haichuji kitu, na AC ya kawaida huzungusha hewa ileile. Mkiweza kununua mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe laini), pigeni hesabu kabla ya kwenda dukani: chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 36. Zidisheni mara 5, ili hewa yote ya chumba ichujwe mara tano kwa saa, mpate 180. Kwenye boksi tafuteni herufi CADR, yaani kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa, zenye namba isiyopungua mita za ujazo 180 kwa saa. Mashine ndogo za mezani hazifiki hapo, muuzaji aseme atakavyo.

Lakini Februari na Machi, mama akitokwa na jasho ilhali ameketi tu, fungueni madirisha hata kama malori yapita. Joto laweza kumwangusha mzee siku hiyohiyo.

Babangu huenda msikitini alfajiri na hupita stendi ya matatu. Tumemnunulia zile barakoa za bluu za hospitali. Zatosha?
Msomaji, Majengo

Hazitoshi. Zile hukinga wengine na mate ya aliyezivaa, na pembeni zina mianya. Inayochuja chembe laini ni N95 (asilimia 95) au FFP2 (asilimia 94), nayo lazima ishike uso pande zote. Mkanda mmoja upite juu ya kichwa, wa pili chini ya masikio, kisha waya wa pua ubanwe kwa vidole vya mikono miwili. Apulize kwa nguvu: akihisi hewa karibu na macho, airekebishe.

Tatizo ni ndevu. Barakoa iliyokaa juu ya ndevu huvuja, na hatumwambii mzee anyoe. Abadilishe njia: apite vichochoro vya ndani, mbali na matatu yanayonguruma yakingoja kujaa. Na mwenye moyo dhaifu akianza kuhema ndani ya barakoa, aivue. Vitambaa hivi huongeza kazi ya kupumua.

Nyanya ana pumu. Mikono yamtetemeka, akibonyeza inhela dawa yote yaishia ulimini. Spesa ya dukani, ile chupa ya kuunganisha inhela na mdomo, ni ghali.
Msomaji, Likoni

Chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500 hufanya kazi hiyo vizuri. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta, kwa sababu kuisugua kwa kitambaa huzua umeme tuli unaonasa dawa kwenye plastiki. Chora umbo la mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa, pasha waya moto, kata kwa kufuata mchoro. Tundu libane. Likilegea, zungushia plasta pembeni. Kabla ya kumpa, pulizia kando mabaki ya plastiki.

Tikisa inhela, ichomeke kwenye kitako, nyanya afumbate mdomo wa chupa kwa midomo yake. Wewe bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi taratibu mara nne au tano bila kuachia chupa. Ngoja nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Wengi hubonyeza mbili kwa pamoja ili wamalize upesi, na dawa nyingi hubaki kwenye chupa. Akitumia inhela ya kinga yenye steroidi, asukutue na kuyatema maji, la sivyo kinywa huota utando mweupe.

Nafuu ya inhela ya bluu (ile ya kutuliza pumu papo hapo) ikianza kudumu chini ya saa nne, aonwe na daktari siku hiyo. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, nendeni hospitali mkiendelea kumpa dawa njiani.

Jioni twafukiza udi, na wakati wa kulala twawasha koili ya mbu. Babu yuwakohoa usiku kucha. Udi wadhuru?
Msomaji, Mji wa Kale

Tuanze na koili. Moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 au zaidi, tena ndani ya chumba kilichofungwa, karibu na kitanda. Itoeni leo, mtundike chandarua chenye dawa.

Udi hatuukatazi. Fukizeni babu akiwa barazani, dirisha likiwa wazi, na arudi ndani baada ya nusu saa. Chetezo nacho kitolewe, kwa kuwa makaa yaliyokolea hayatoi moshi ila hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Ndivyo ilivyo pia kwa jiko la makaa linaloingizwa ndani mvua ya masika ikinyesha uani. Wote nyumbani wakiumwa kichwa pamoja, wakipata kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, kisha hospitali. Msidanganyike na kipimo cha oksijeni cha kidoleni: hakitofautishi damu iliyobeba gesi hiyo na iliyobeba oksijeni, kitasoma 98 na mtu yuazimia.

Twapikia gesi, hatuko karibu na barabara, wala hakuna avutaye sigara. Baba ana kikohozi kikavu mwezi wa pili sasa. Moshi gani huu?
Msomaji, Nyali

Huenda si moshi. Ulizeni anatumia kidonge gani cha presha. Enalapril, lisinopril na kaptopril huwapa baadhi ya watu kikohozi kikavu cha kutekenya koo, na chaweza kuanza wiki au hata miezi baada ya kuanza dawa. Asikiache kidonge mwenyewe. Daktari akimbadilishia, kwa mfano ampe losartan, kwa kawaida kikohozi huisha ndani ya wiki nne.

Ila kikohozi kilichopita wiki mbili makohozi hupimwa TB vilevile, hasa kukiwa na jasho la usiku au kukonda. Kipimo na dawa za TB ni bure katika vituo vya afya vya serikali. Mkienda, bebeni pakiti zote za dawa anazokunywa, zikiwemo za mitishamba.