Kuendelea na dawa ya kifafa ni kukosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mwanangu ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Anatumia fenobabitoni na kifafa kimepungua. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema niache dawa ili uponyaji ukamilike. Mimi mwenyewe mwezi mzima silali, nalia hovyo, hata kuomba nashindwa. Je, ni pepo? (Mama, Mbeya)

JIBU: Amina, mama. Naanza na dawa maana haingoji: usiiache. Fenobabitoni hutuliza ubongo ambao umeme wake unafyatuka ovyo. Ubongo ukishaizoea, kisha ukaikatisha ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kinaweza kumshika mfululizo asipate fahamu. Hapo mtoto anaweza kufa. Kuacha dawa kupo, ila daktari hulifikiria mtoto akishamaliza kama miaka 2 bila kushikwa hata mara moja, na dozi hushushwa kidogo kidogo kwa miezi. Mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi huhitaji muda zaidi.

Kikimshika katikati ya maombi, asikandamizwe wala kutiwa kijiko mdomoni. Mlazeni ubavu mate yatoke, mmoja wenu aangalie saa. Zikipita dakika 5, mpelekeni hospitali, na maombi yaendelee njiani.

Pepo hapana, mama. Mtindio wa ubongo mara nyingi hutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Katika Yohana 9 wanafunzi walimuuliza Yesu nani alitenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Akajibu: si yeye wala wazazi wake. Sura hiyo nimeisoma na akina mama wengi kliniki, na wengi hulia kabla sijafika mstari wa tatu.

Hayo unayoyapata wewe yanafanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Kukosa usingizi, kulia na kukosa nguvu ya kuomba vikizidi wiki 2, ni vya kutibiwa. Safari hii ukienda kliniki, fungua na faili lako. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda siku hiyohiyo, na usiku usikae peke yako.

Kuhusu wenzako, usigombane nao, wape kazi. Wale watu wanne wa Marko 2 walimbeba mwenzao kwenye mkeka mpaka wakabomoa dari. Mmoja akae na mtoto Jumamosi saa 8 hadi saa 11 ulale. Mwingine achangie nauli. Mwingine ajifunze kulisha: mtoto aketi wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, uji mzito, kijiko kidogo, na asimwongeze mpaka ameze.

Namkumbuka bibi mmoja wa kikundi cha namna hiyo, naye alikuwa akipinga dawa. Aliketi kwenye kigoda akamlisha mtoto wa mama mmoja nusu bakuli kwa dakika 40, kanga yake yote imelowa uji. Jumapili iliyofuata aliombea mgongo wa mama yule, na nauli ya kliniki akaitoa yeye.

Kwa hiyo mwombe mmoja wao akusindikize kliniki, asikie habari ya dawa kwa daktari mwenyewe. Na dozi ya leo jioni, mpe mtoto kwa saa yake.