Nikimwambia ukweli, ananirudishia makosa yangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu ana tabia ya kunikatiza mbele ya wageni. Nikianza kusimulia jambo ananisahihisha, kisha anamalizia yeye. Juzi wageni walipoondoka nikamwambia, "Huniheshimu, siku zote unanifanya mjinga." Akawaka: "Na wewe je? Nikiongea nawe, macho yako kwenye simu!" Tangu hapo tunasalimiana tu. Rafiki yangu ananishauri nianze kwa kumsifu ndipo nimwambie kosa. Au ninyamaze?
Mke mwenye dukuduku

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usinyamaze. Unachokilalamikia ni cha kweli na kinauma.

Ila maneno uliyoyatumia yalimhukumu yeye, si kitendo chake. Mtu akiambiwa "huniheshimu", tena "siku zote", hana cha kurekebisha, anabaki kujitetea. Mtajie tukio moja: "Juzi nilipokuwa nasimulia safari yetu, ulinikatiza kwa sababu ya tarehe, ukamalizia wewe. Niliona aibu. Naomba uniache nimalize, hata nikikosea tarehe." Hilo analiweza.

Ushauri wa rafiki yako siupendi. Sifa zikitangulia kila lawama, mumeo atakuwa akisifiwa anashtuka, anangoja kinachofuata. Msifu siku ambayo huna neno naye.

Na akiwaka, msiendelee. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi, anaeleza kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika katikati ya ugomvi, mtu hawezi tena kusikiliza vizuri. Anashauri wapumzike angalau dakika 20. Mwambie unatoka kidogo na kwamba utarudi mzungumze, asije akadhani umemsusia.

Sasa la simu, ambalo umelipita haraka mno. Alilisema kwa hasira, lakini je, ni kweli? Kama ni kweli, lijibu peke yake kabla hujarudi kwenye lako: "Umesema kweli. Ukiongea, nitaiweka pembeni." Usiongeze "lakini". Najua ni vigumu, maana wewe ndiye uliyetangulia kuumizwa na hujaombwa radhi. Hata hivyo mtu aliyekiriwa ukweli wake huwa mwepesi zaidi kuupokea wa mwenzake, ingawa siwezi kukuahidi kwamba mumeo atafanya hivyo mara moja. Mpe siku chache aone simu imewekwa pembeni kweli, ndipo umletee la wageni, mkiwa wawili tu.