Kwa mnaoanza kuandika habari za makombora: jifunzeni kwa Prithvi

Mwandishi mpya akikabidhiwa habari kwamba India imefyatua kombora, hukimbilia kitu kimoja: linafika kilomita ngapi? Namba hiyo ikisimama peke yake haimsaidii msomaji. Tumieni Prithvi kujifunzia. Ndilo kombora la kwanza la balistiki (linalosukumwa na injini mwanzoni tu, kisha huenda kama jiwe lililorushwa) kutoka katika mpango wa makombora ambao India iliuanzisha mwaka 1983 chini ya mhandisi A.P.J. Abdul Kalam, likarushwa kwa mara ya kwanza Februari 1988 kutoka Sriharikota, na karibu kila kosa la habari za aina hii mtalikuta katika yaliyoandikwa kulihusu.

Kwanza ulizeni mzigo. Prithvi-I, la jeshi la nchi kavu, lilitajwa kufika kilomita 150 likibeba kilo 1,000. Prithvi-II lilianza na kilomita 250 kwa kilo 500, kisha likasogezwa hadi kilomita 350. Kombora lilelile likipunguziwa mzigo huenda mbali zaidi. Kwa hiyo chanzo kimoja kikisema 250 na kingine 350, msiamue haraka kwamba kimoja kimekosea. Tafuteni ni toleo gani, la mwaka gani, lenye kichwa, yaani sehemu inayolipuka, cha kilo ngapi. Hata MTCR, utaratibu wa mwaka 1987 wa kudhibiti usambazaji wa teknolojia ya makombora, huweka mpaka wake mkali kwa namba mbili zikienda pamoja: kilomita 300 na kilo 500.

Prithvi ni kombora la masafa mafupi, ambayo kwa mgawanyo unaotumika sana ni chini ya kilomita 1,000. Agni-I, kombora jingine la India linalofika takriban kilomita 700, nalo limo. Tarehe 17 Julai 2025 Prithvi-II na Agni-I yalijaribiwa siku moja kutoka Chandipur, jimbo la Odisha, na hapo ni rahisi sana kulivika kombora moja sifa za jingine. Prithvi-II hutumia mafuta ya majimaji. Agni-I hutumia mafuta magumu.

Tofauti hiyo ya mafuta ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mafuta ya majimaji ya makombora kama Prithvi huwa na kemikali zenye sumu na zinazokula vyuma. Yanadai magari ya kubebea, mavazi ya kinga, wahudumu waliofunzwa na muda wa kujaza. Msafara unakuwa mrefu, na msafara mrefu huonekana kutoka angani. Kombora la mafuta magumu hukaa tayari kwenye gari lake kwa muda mrefu. Ndiyo sababu Pralay, kombora jipya zaidi la India lililojaribiwa mara ya kwanza Desemba 2021 na kutajwa kuwa la kilomita 150 hadi 500, linatumia mafuta magumu. Mkiandika kwamba Pralay ni kubwa kuliko Prithvi kwa sababu linafika mbali zaidi, mmeiacha habari yenyewe.

Jifunzeni pia hesabu ndogo ya kupimia madai. Kombora linalorushwa kwa pembe ifaayo zaidi, bila msaada wa hewa, hupanda karibu robo ya umbali wake. Kwa kilomita 350, kilele ni kama kilomita 87, na safari huchukua kama dakika nne na nusu. Sasa linganisheni: taarifa za habari za India zimewahi kutaja kilele cha kilomita 43.5 na sekunde 483 kwa Prithvi-II. Nusu ya kimo, karibu mara mbili ya muda! Kabla ya kuzitupa namba hizo, tazameni picha: kombora lina mabawa katikati ya mwili. Linapita chini, ndani ya hewa, na hewa hulibeba. Hesabu inawaonyesha pa kuuliza swali. Haihukumu peke yake.

Neno "limeundwa nchini" lishikwe kwa uangalifu. Injini ya Prithvi ina asili katika ile ya kombora la Kisovieti la kudungulia ndege, S-75, ambalo wahandisi wa India walilichambua miaka ya 1970. Kazi yao haipungui thamani kwa hilo, ila msomaji ana haki ya kujua. Vilevile, "lina uwezo wa kubeba kichwa cha nyuklia" si sawa na "lina kichwa cha nyuklia". Kosa hilo huzua hofu isiyo na msingi, na kulisahihisha baada ya kuchapwa ni kazi ngumu.

Kuhusu ulengaji, mkikuta kipimo cha CEP cha mita 50, maana yake nusu ya makombora yanatarajiwa kuanguka ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 50. Nusu nyingine huanguka nje, pengine mbali.

Tangazo la kufunga anga juu ya Ghuba ya Bengali nalo husomwa vibaya. Urefu wa eneo lililofungwa una nafasi ya usalama ndani yake, kwa hiyo msiugeuze kuwa umbali wa kombora. Na jaribio likifanyika, msiandike kwamba Pakistan "imeshtukizwa" kabla ya kuthibitisha. Kwa makubaliano yaliyotiwa saini Oktoba 2005, kila upande humwarifu mwenzake angalau siku tatu kabla ya kipindi cha jaribio la kombora la balistiki kuanza. Mahali pa kurushia pawe zaidi ya kilomita 40 kutoka mpakani, na pa kuangukia zaidi ya kilomita 75. Makombora ya kruzi, yanayoruka kama ndege kwa nguvu ya injini, hayamo katika makubaliano hayo.